Stendi Bado Iko kwenye Urefu Wako

Kaka Deo,

Nimeianza barua hii tangu asubuhi, na kila nikifika mstari wa pili nasimama. Nimeshafagia uwanja, nimechota maji ambayo hayakuhitajika, nimewafukuza kuku wa jirani kwenye mahindi ya Mama, nimerudi. Mama amenitazama akauliza, "Wewe leo una siafu?" Labda ninao. Kesho kutwa bendi yetu ina harusi ya kupiga hapa hapa mjini, na jana nilifanya jambo bila kukuuliza. Nataka ulisikie kutoka kwangu.

Uliondoka haraka mno. Jumapili ulikuwa kibandani kwako Nsemulwa unanyoa watu na kulalamika kichwa kinauma, wiki iliyofuata tulikuwa tunakuzika. Mama Mkubwa, mama yako, hataki kiti chako cha kunyolea kiuzwe. Amekiweka sebuleni kwake, na wageni wakija wanakizunguka kama kina mtu.

Mimi nimemaliza kidato cha nne. Matokeo bado. Mama anasema msichana hawezi kukaa nyumbani akisubiri karatasi, kwa hiyo kama bendi itanishinda, niende Kapalamsenga kwa Mama Mdogo nikamsaidie kuanika dagaa. Sina ubaya na dagaa. Lakini nikifikiria kwamba gitaa la besi litabaki Mpanda na mimi niko kule ziwani, nanyanyuka tena nilipokaa.

Unakumbuka lile gitaa lilivyokuja kwetu? Paa la kibanda chako lilikuwa linavuja. Ulilileta msimu wa mvua nikiwa kidato cha pili, ukasema likae nyuma ya kabati na asiliguse mtu. Nililigusa siku hiyo hiyo. Bila spika besi haisikiki, lakini niligundua kwamba nikiegemeza taya kwenye pembe ya gitaa, sauti inapita kwenye mfupa na kichwa chote kinajaa. Ulinikuta hivyo, nimelikumbatia kama mgonjwa wa jino. Hukunigombeza. Ulisema, "Bibi Besi, ubao hautafunwi," ukageuza ndoo ukakaa, ukaanza kunionyesha vidole.

Baada ya hapo kila nikitoka shule nilipitia kwako. Redio ilikuwa imezimwa kwa sababu ulipenda kuimba mwenyewe, na katikati ya wimbo, mashine ikiwa kichwani kwa mtu, ulinigeukia: "Hapa besi inahama kwenye neno gani?" Hukunitaka niimbe. Nilitaja neno tu, taratibu. Wateja walicheka. "Kinyozi, mtoto huyu unamfanyisha mtihani wa harusi?" Hivyo ndivyo nilivyoyashika maneno ya nyimbo zote tunazokopi, hata zile za Kilingala ambazo hakuna kati yetu anayejua zinasema nini. Na kwenye bendi hakuna mwingine aliyejua kwamba ninayajua.

Halafu, uliponiingiza kwenye bendi, kuna ile siku ya mabishano kwenye uwanja wa Baba Rehema, kiongozi wetu. Nimeirudia kichwani mpaka imechakaa. Yeye alikuwa amekaa nyuma ya kinanda chake, akasema kwenye bendi kama yetu hakuna mtu wa kupiga tu. "Tunapiga nyimbo za watu. Wageni wanazijua kwa maneno, hawazijui kwa nyuzi. Kila mwenye mikono hapa ana mdomo, aitikie." Sitta akaacha kukaza nyuzi za gitaa lake la solo akanitazama. "Wa Skola ni wa kulia ugali." Nikaangalia viatu vyangu. Ndipo ukasema, "Mwacheni. Jinsi nyie mnavyoimba, heri anayenyamaza. Mimi naimba kwa ajili yake." Wote walicheka, hata Sitta. Kuanzia siku hiyo ulisimama mbele yangu jukwaani, na mimi nilisimama nyuma ya spika kubwa, na sikuonekana.

Nilikushukuru moyoni kwa miaka miwili. Tangu ufe nimekuwa nakukasirikia kwa jambo hilo hilo. Nisamehe, lakini ni kweli. Ulinipa maneno yote halafu ukanifunika. Ulidhani utakuwepo siku zote?

Bendi ilianza kuyumba mara moja. Kwanza Baba Rehema alijaribu flashi. Kwenye sendofu moja tuliweka wimbo uliorekodiwa na sauti ya mwimbaji, sisi tukaufuatisha na vyombo. Unawajua mabinti wa siku hizi wanavyoingia ukumbini, hatua mbili mbele, moja nyuma, na shangazi anapangusa jasho. Wimbo uliisha binti akiwa amefika meza ya pili. Kimya. Binti amesimama na mguu mmoja mbele. Wewe ungerudia ubeti, ungemtania shangazi, ungemngoja mpaka akae. Flashi haikumngoja.

Basi Sitta akapewa maiki. Hapo ndipo habari ya stendi ilipoanza. Stendi yako ya maiki ilibaki kwenye urefu wako, vile vile ulivyoiacha, na hakuna aliyetaka kufungua skrubu ya kuishusha. Tunaisafirisha ikiwa ndefu, imelazwa juu ya magoti yetu garini na kichwa kinatokeza dirishani. Sitta ni mfupi, unamjua. Anaimba ameinua kidevu kama kuku anayemeza maji, na bado haishushi.

Tukaenda kupiga harusi Majimoto, kwa watu wa mpunga, maturubai uwanjani na pikipiki zimepangwa mpaka barabarani. Bibi harusi akaanza kuingia. Sitta akaimba ubeti wa kwanza vizuri tu: karibu nyumbani kwetu, taa tumekuwashia. Ubeti wa pili ukamtoka. Mikono yake ikaendelea, mdomo ukatafuta, na kwa kuwa wimbo ule na ule mwingine wa mke aliyeachwa zinatembea kwenye kodi zile zile za gitaa, akateleza huko. Akaimba kwa hisia kabisa, amefumba macho: kusanya nguo zako, kwenu kuna mlango.

Kaka, mimi nilijua kwenye neno la kwanza. Nilifungua mdomo nyuma ya spika na nikatamka maneno yanayotakiwa, na hata mimi sikujisikia. Nikakandamiza besi, kana kwamba besi inaweza kumwambia mtu neno. Shangazi wa bibi harusi akasimama, mkono kiunoni, akatutazama. MC akasema, "Jamani bendi, mwenzenu hata hajakaa, mmeshamfungashia virago?" Watu wakacheka na mambo yakapita, lakini bibi harusi hakucheka. Nilimwona. Aliangalia chini, akaingia hivyo hivyo. Siku yake moja.

Tulipakia vyombo tukarudi garini. Sitta alikuwa amefunika uso kwa kofia. Tulipokaribia mjini Baba Rehema akasema bila kugeuka, "Skola, nilikuona midomo. Wewe maneno ulikuwa nayo." Akasema yuko mpiga besi Sumbawanga ambaye anaimba huku anapiga, na atamwita mwezi ukiisha. "Sikufukuzi, mwanangu. Lakini mbele pale hapawezi kukaa hivi."

Tangu siku hiyo sijatulia. Nimebishana na Baba Rehema kichwani nikiosha vyombo, nikitembea kwenda sokoni, nikiwa kanisani. Mtu amejifunza vidole, anaamka na vidole, analala na vidole, kwa nini lazima aimbe pia? Mbona Mzee Mashaka anapiga ngoma zetu miaka yote na hajawahi kuitikia hata "ndiyo"? Nilimwendea nikamuuliza. Alikuwa anapaka mafuta baiskeli yake. Akasema, "Mimi sijaimba na sijafa." Nikafurahi mpaka getini. Halafu akaniita: "Ila mimi maneno siyajui, Skola. Yangekuwa yamo tumboni kwangu, yangenisumbua."

Mama naye, nilipomwambia, akacheka. "Wewe hata kwaya unafungua mdomo kama samaki."

Nikaenda kujaribu kwenye shamba letu, mahindi yakiwa yamenipita urefu, niko na besi mgongoni. Niliimba wimbo wa kuingilia. Kaka, ilikuwa aibu. Sauti ilipanda mpaka penye neno "taa" ikakatika, nikatoa mlio kama wa mbuzi mchanga. Nikarudia, ikakatika pale pale. Nikakaa kwenye tuta nikalia kidogo, nikasema basi, ni Kapalamsenga.

Nilipokuwa nimekaa hivyo nikaegemeza taya kwenye gitaa kama zamani, nikaanza kupiga tu, bila kuwaza. Vidole vilianza chini kidogo ya pale tulipozoea. Nikaguna nikifuata besi, na mguno ukaingia palepale kwenye mfupa, ikawa siwezi kutofautisha upi wa uzi na upi wangu. Nikaongeza maneno. Nikafika kwenye "taa." Ikawaka.

Nikaelewa kitu ambacho labda wewe ulikijua na hukuniambia. Nyimbo zetu zote zinapigwa kwenye sauti yako. Wewe ulikuwa na sauti ya juu, nyembamba, watu waliokuwa nje walidhani ni mwanamke. Mimi ni msichana na sauti yangu iko chini. Muda wote nilikuwa nashindwa kuwa wewe, nikadhani nashindwa kuimba.

Jana kwenye mazoezi niliwahi kufika. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikasema tu, "Baba Rehema, naomba wimbo ushuke." Akauliza ushuke kwenda wapi. Nikapiga noti ya kuanzia. Sitta akaanza: "Yaani nijifunze vidole upya kwa ajili ya mtoto wa form four?" Baba Rehema akabonyeza kwenye kinanda chake, sauti ikashuka. "Mimi nina kitufe. Wewe una mdomo, na tumeshausikia Majimoto." Sitta akacheka mwenyewe, akaanza kutafuta vidole upya.

Halafu nikaenda mbele. Kipaza sauti kilikuwa juu ya macho yangu. Nilisimama pale naangalia kile kichwa cha chuma ambacho ulikisogelea kila Jumamosi. Bado kuna ule uzi mwekundu uliofunga ili kisichanganywe na cha wengine. Wote walikuwa wanasubiri. Nilishika skrubu. Ilikuwa imekaza, nikadhani haitafunguka, nikatamani isifunguke. Mzee Mashaka akaacha vijiti vyake kana kwamba anataka kuja kunisaidia, halafu akakaa tena.

Ikafunguka. Nikaishusha mpaka mdomoni kwangu nikaikaza.

Hilo ndilo jambo nililolifanya, Kaka Deo.

Sitakudanganya kwamba niliimba vizuri. Nikiimba, vidole vinasahau. Nikivikumbuka vidole, neno linachelewa. Kwenye kiitikio besi ilinyamaza kabisa, na Mzee Mashaka akalijaza lile shimo kwa ngoma anayoipiga kwa mguu huku anatazama pembeni, asinitie aibu. Tulipomaliza nilimtazama Baba Rehema nikingoja aseme lolote. Akasema, "Tena." Tukarudia mpaka mke wake akatoka kuuliza kama hatuna makwetu. Habari ya mtu wa Sumbawanga hakuitaja. Sijui kama ameshampigia.

Bado sijui jibu la yale mabishano. Mzee Mashaka haimbi na bendi ingekufa bila yeye. Siwezi kusema kila mpigaji lazima aimbe. Ninachojua ni kwamba nyimbo hizi si zetu, tunaziazima. Chetu ni kumngoja yule anayetembea mpaka akae, na kutomwimbia neno baya siku yake. Mtu aliye na maneno akinyamaza nyuma ya spika, hamngoji mtu. Amejificha.

Najua ulinificha kwa upendo. Hasira ilipungua jana, nikiwa pale mbele. Nilielewa kwa nini ulitaka nijue besi inahama kwenye neno gani. Nadhani ulikuwa unaniandaa taratibu, ukiamini muda upo.

Kesho kutwa nitasimama mahali pako. Naogopa. Huenda nikatoa ule mlio wa mbuzi mbele ya ukumbi mzima na Sitta akanitania mpaka Pasaka. Huenda besi ikanyamaza. Lakini bibi harusi atakapoonekana mlangoni nitamwimbia maneno yake mwenyewe, na nitarudia ubeti mara zote atakazohitaji mpaka afike kitini. Hilo naahidi.

Na naahidi jingine. Uzi wako mwekundu sitaufungua. Lakini stendi sitaipandisha tena kukungoja.

Lala salama, Kaka. Huku juu mvua imeanza, na paa letu halivuji.

Mdogo wako,
Skola, Bibi Besi