Eti nimepanda nyasi za makaburini

Seon-ok, uko? Mama mkwe katoka hapa sasa hivi.

Kaja kuona nyumba mpya. Kabla hajafika mlangoni kaona bustani, kapiga ukelele: "Umepanda nyasi za makaburini! Unatuzika tungali hai?"

Makaburini! Mbele ya majirani!

Nikamwuliza, "Mama, kaburi la baba mkwe lina miaka ishirini, na theluji yote ile. Nyasi zake zimewahi kufa?"

Akawageukia majirani. Nikaongeza:

"Basi ndiyo maana nimechagua hizohizo."

Nikavua viatu, nikalala chali katikati ya bustani. "Kama ni kaburi, marehemu ndiye huyu. Chakula mnachowawekea wafu kaburini, changu kiko wapi?"

Kaondoka anafoka. Lakini kimchi aliyoniletea, kabichi yake ya kuchachusha kwa pilipili, kaiacha palepale nyasini, miguuni pangu.

Naila hapahapa. Sing'oi hata unyasi mmoja.