Daktari Mmoja Nyumbani

2 Februari

Kwako pacha wangu Kurwa,

Hujambo huko bwenini? Huku sote wazima, ila Mama miguu inamsumbua. Mwezi ujao narudi chuoni kurudia mtihani wa anatomia, na mishipa ya fahamu bado inanichanganya. Mwalimu mwenyewe alikuwa haonekani darasani. Wewe ulifauluje? Niibie siri, mwenzangu. Mjomba ameshikilia neno lake: baada ya mtihani huu, udaktari atamsomesha mmoja wetu tu.

Pacha wako,
Doto

9 Februari

Doto wangu,

Salamu zimefika, nami mzima, ila usingizi haba. Siri gani tena? Ni bidii na dua. Soma kabrasha letu la anatomia, ukimaliza lisome tena. Mkande Mama miguu.

Nduguyo,
Kurwa

20 Aprili

Kurwa,

Natumaini u mzima. Nimefeli tena na chuo kimenifuta, hilo unalijua. Jana nilikuja bwenini kuchukua godoro langu, wewe ukiwa kwenye mafunzo wodini. Jirani yako wa kitanda akaniuliza, "Doto, mbona uliikataa kozi?"

"Kozi ipi?"

"Ile ya bure ya mtandaoni. Inauonyesha mwili kiungo kwa kiungo, hata mjinga anaelewa. Wachache tu tunaijua. Nilitaka kukutumia, Kurwa akasema hutaki, eti huamini masomo ya simu."

Nilikaa juu ya godoro langu lililokunjwa. Niambie kwamba amekusingizia.

Doto

11 Mei

Pacha wangu,

Mama hajambo? Hakunisingizia. Lakini jiweke mahali pangu: tungefaulu sote, Mjomba angemchagua nani? Tangu utotoni wewe ndiye mboni ya jicho lake. Nilitaka mara moja tu niwe mbele. Nikihitimu nitakushika mkono, nakuapia. Usimwambie Mama.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Kurwa

30 Julai

Kurwa,

Hatujambo. Nimepata kazi zahanati, mapokezi. Nawaandikisha wagonjwa, wanaotibu ni wengine. Ile kozi nimeitafuta mwenyewe, nikaisoma kwa simu hadi mwisho, nikafaulu vizuri. Nilikwenda chuoni na cheti chake. Karani akasema, "Hongera, lakini aliyefutwa harudishwi," akacheka. Ningeweza, Kurwa. Hilo ndilo linalonila.

Mama nimemwambia. Aliinuka akaenda kutandika kitanda cha chumba cha wageni. Ukija likizo, utalala humo, si chumbani kwetu tena.

Doto