Choo Juu ya Chumba cha Sala

Fau, uko wapi? Ndo natoka kwa Mama Darshan hapa Mafinga.

Unakumbuka ramani ya nyumba yake mpya niliyoichora wiki tatu? Bosi Zabron kaitupa. Kaiambia AI imchoree, ikamtolea ramani arobaini kwa dakika kumi. Akachagua moja, akaibeba bila hata kuikagua.

Mama akasifia sana zile picha. Zabron anachekelea: "Hii nimebuni mwenyewe."

Mwenyewe!!

Halafu mama akaweka kidole kwenye ramani. "Hiki choo cha ghorofani, chini yake kuna nini?"

Chumba cha sala, Fau. Choo juu ya miungu yao!

Zabron akanigeukia mbele ya familia nzima: "Paskalina, umechora nini hapa?"

PASKALINA!!

Mama hakufoka. Afadhali angefoka. Akaniangalia tu: "Wewe? Si ulivua viatu mwenyewe kwenye mlango wa chumba changu cha sala?"

Nilivua. Na ramani yangu, yenye chumba hicho mahali pake, nilikuwa nayo kwenye mkoba, hapa mapajani.

Nikasema, "Samahani, mama."

Mimi, Fau. Mimi ndo nimeomba samahani.