Tarumbeta Bila Kaka Idi

Kaka Idi,

Jumapili mchana tulipiga dansi bila wewe.

Kabla ukumbi haujajaa, Mzee Kondo, kiongozi wetu, aliniita pembeni. "Ule wimbo wa Idi watu wameuomba. Tarumbeta ni wewe sasa. Ukishindwa leo natafuta mpigaji mwingine, Sefu, usinilaumu." Nikaenda kunywa maji. Mdomo ulishakauka.

Unakumbuka nilivyokuwa. Tangu siku ile waliponizomea kule Ilala, nikisimama tu mbele ya watu midomo inakufa ganzi. Nyumbani napiga vizuri, jukwaani inatoka pumzi tupu. Mama akaanza kutafuta mganga. Wewe ukacheka. "Hajarogwa huyu, mama. Mwili wake umejifunza kuogopa, basi utajifunza na kuacha."

Jioni ukanipeleka kwa muuza kahawa, pale kona ya Mtaa wa Kongo. "Solo sitaki. Nipulizie sauti moja tu, kisha kaa unywe kahawa." Nikapuliza. Wazee wakageuka wote, jasho likanitoka. Papo hapo ukanipa kikombe na kashata. "Hiyo!" Kesho yake tena. Sauti moja ikawa mbili, mbili zikawa mstari. Nikikosea hukunigombeza, tulirudi nyuma kidogo, mpaka pale nilipoweza. Nikipatia, hukungoja tufike nyumbani ndipo unisifu. Mwisho wale wazee wenyewe wakawa wananiuliza, "Mbona leo umechelewa, bwana tarumbeta?" Hofu ilipungua bila mimi kujua ni lini.

Halafu ile homa. Tulidhani ni ya kawaida tu, Kaka. Tukaishia kukuzika Kisutu.

Basi, Jumapili. Magitaa yakafika mahali pa solo, nikasimama. Nikageuka upande wako, kama nilivyozoea. Hakuna mtu. Midomo ikafa ganzi kama zamani. Zamu yangu ikapita hivi hivi, naiona inapita. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Kaa chini!" Mzee Kondo akanikazia macho, kisha akawaashiria wenzetu warudie tena mzunguko wa solo.

Nikajiambia, achana na solo. Moja tu.

Nikapuliza ya chini, fupi. Ikatoka. Nikavuta pumzi, nikapuliza ya pili. Mstari ukaja. Sikufika kule juu ulikokuwa ukifika wewe, niliishia sauti za katikati, lakini wimbo niliumaliza, na watu hawakuacha kucheza. Tulipokuwa tunafunga vyombo Mzee Kondo akaniambia, "Umechelewa kuingia. Mazoezi ya kesho uwahi." Hapo nikajua nimebaki.

Baada ya mazoezi hayo nikaenda kumjulia hali shemeji Hawa. Bado yuko eda, tuliongea yeye akiwa nyuma ya pazia. Nikamweleza yote, hata ile zamu iliyonipita. Akasema, "Shemeji, eda yangu ikiisha uje upige hapa uani. Nyumba hii imenyamaza mno."

Niliaga haraka, nisije nikalia mbele yake.

Nitakwenda, Kaka. Nitampigia wimbo wako wote, na sitaondoka mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha. Wewe pumzika.

Mdogo wako,
Sefu