Neno la Halina na Maombi Yako, Baba

Baba mpendwa,

Pole na kazi ya mahindi huko Rongai. Mgongo umetulia, ama bado unaamka ukiushika? Mimi ni mzima, ila kuna jambo limenikalia rohoni na siwezi kukwambia kwa simu.

Huku Denmark nachuma nyanya kwenye nyumba za vioo. Neno la kwanza nililojifunza ni "tak", yaani asante. Nafanya kazi na mama mmoja wa Poland, Halina, wa umri wa Mama. Msimamizi akimwuliza kama amechoka, anajibu "tak". Akimwuliza kama ameumia, "tak". Mimi mgeni wa juzi nikajifanya mwalimu. Wakati wa chai nikamwiga mbele ya wenzetu: "Huyu hata akikanyagwa atashukuru!" Walicheka sana, nami nikaona raha.

Halina aliweka kikombe chini. "Kwetu hiyo ni 'ndiyo'," akasema. "Bibi yangu alikuwa akiisema kabla hajaona mtu wa Denmark hata mmoja." Mwenzetu wa Ucheki akaongeza kwamba kwao "tak" hiyo hiyo huanzishia sentensi, kama "basi" yetu. Baadaye nikasoma kwamba neno la hapa ni ndugu wa "thank" ya Kiingereza, na la Halina lina ukoo wake mwingine, lilianza kwa maana ya "hivyo". Yamefanana sura tu. Nilimwomba msamaha nikiwa nimeinamisha kichwa.

Lakini kwako ndiko ninakoona aibu kubwa zaidi. Siku mliponiaga, ulisimama kuniombea, ukasema "paraka" badala ya "baraka", kwa lafudhi ya kwenu. Nikakurekodi video, nikaituma kwenye grupu ya familia na vicheko. Ulikuwa unamwomba Mungu anilinde, nami nikakufanya kichekesho. Juzi Mama akaniambia, "Siku hizi chakula ikiwekwa, mzee anasema kaka yako ndiye aombe. Yeye anafunga macho tu."

Nimeifuta ile video na kuwaomba wote waifute. Najua haitoshi. Nisamehe, Baba.

Nisalimie Mama, kaka Wafula, na shangazi wa Subukia anayetuletea maziwa.

Jumapili nitapiga simu mkiwa mezani. Naomba usimwachie Wafula. Ombea chakula wewe, kwa sauti yako hiyo hiyo. Ukishindwa nitaelewa, nami nitabaki kwenye simu nikiwasikiliza mkila.

Binti yako mwenye makosa,
Nafula