Waya Uliopita Juu ya Zizi la Mama Paskali

Karatu, Jumatano, mvua tangu alfajiri

Lakini msidhani ile furaha niliyowasimulia imeisha. Haijaisha. Bado nikisikia gari linapunguza mwendo pale njia panda moyo unaruka kama wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Bado kuna shati lake moja ambalo huwa nachelewa kulifua makusudi, ili nilale na harufu yake. Nimeolewa na mwanaume ninayempenda, na kila nikiamka nashangaa kwamba jambo hili limenitokea mimi.

Ila leo ukungu umeshuka kutoka kreta mpaka mjini, hata bati la jirani silioni vizuri, na ninaogopa.

Kwa ambao ni wapya hapa kwenye blogu yangu, mume wangu Eliudi ni fundi. Anatengeneza TV na madishi kwenye hoteli za kitalii kule juu, ukingoni mwa kreta. Anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mimi natokea Marangu, hapa Karatu sina ndugu. Siku za katikati ni ndefu sana.

Ndiyo maana aliniletea ile mashine.

Hoteli moja ilikuwa inabadilisha vyombo vyake, wakampa mashine ya kurekodi iliyoungua. Akaifungua mezani kwetu, akatoa kile kifaa cha kuingizia umeme kilichoungua, akaweka kingine alichokitoa kwenye redio ya zamani. Ikawaka! Inarekodi yenyewe ndani kwa ndani, bila kanda, na picha yake ni ile kali wanayoiita HD, unaona mpaka jasho kwenye paji la uso la mchezaji. Kebo hatulipii hata mwezi mmoja. Mwenye kebo wa hapa mjini alifungiwa dishi lake jipya na Eliudi, akamwambia, "Fundi, vuta waya wako, tazama mpaka uzeeke."

Basi Eliudi anaitegesha Jumatatu kabla ya kuondoka. Wiki nzima mashine inarekodi tamthilia yetu, na mimi sigusi. Naapa sigusi! Jumamosi tunakaa chini ya blanketi moja na chai ya tangawizi, tunaangalia zote mfululizo, na yeye ananiambia nani atamwacha nani kabla haijatokea. Nilikuwa sijui kama ndoa ni tamu hivi.

Sasa, huo waya.

Ulitoka kwa mwenye kebo, ukapita juu ya mapaa, na kabla ya kuingia kwetu ulishikizwa kwenye bati la zizi la Mama Paskali, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ulikuwa unalegea, kwa hiyo Eliudi aliufunga kwa waya wa chuma, ule mafundi wanaofungia nondo. Kipande kilichobaki hakukikata. Akakivuta chini na kukizungushia kwenye mdomo wa pipa la bati lililokatwa nusu, ili kikaze. Mama Paskali mwenyewe alimshikia ngazi.

Ndani ya pipa hilo ndimo ng'ombe wake anamonyweshewa maji.

Anaye mmoja tu, anamwita Malkia. Maziwa yake yanakwenda kwenye migahawa ya stendi, na ndiyo yaliyomsomesha Paskali. Ni mama Mwiraqw mwenye maneno huyo! Asubuhi yangu ya kwanza hapa alinisemesha juu ya ua, "Bibi harusi, umeamka? Nilidhani jua la leo limekupita." Nilicheka mpaka nikasahau kumwamkia. Tangu siku hiyo ananiita mwanangu, na wakati mwingine nami nilimwita mama nikajisikia kama niko nyumbani.

Baada ya waya kupita, Malkia akaanza kukataa maji.

Alikuwa anasogea, anapeleka pua, halafu anaruka nyuma na kutetemeka. Ukimkamua anapiga teke. Maziwa yakapungua mpaka yakawa ya kutia kwenye chai tu. Mama Paskali alibadilisha maji, akasugua pipa kwa majivu, akaita daktari wa mifugo, naye akasema ng'ombe hana ugonjwa. Mwisho akaanza kunong'ona kwamba kuna mtu ana jicho baya. Nilimsimulia Eliudi. Akacheka, akasema, "Anataka maji ya chupa huyo, amewaona wazungu wa hotelini."

Na mimi nilicheka. Mungu anisamehe.

Halafu wiki iliyopita umeme ukakatika mtaa mzima. Nikamwona Malkia anakunywa. Alikunywa kama aliyetoka jangwani. Umeme uliporudi, akaruka nyuma.

Nilisimama pale uani na beseni la nguo, nikaufuata kwa macho ule waya wa chuma kutoka batini mpaka kwenye pipa. Nikaingia ndani, nikachomoa mashine kwenye ukuta. Nikatoka, nikamshika Malkia shingoni, nikamsogeza kwenye pipa. Akanywa. Mama Paskali alitoka jikoni akakuta ng'ombe wake anakunywa mikononi mwangu, akaniwekea kiganja kichwani.

"Mwanangu, wewe una mkono wa baraka. Kesho nikikamua kikombe cha kwanza ni chako."

Nilitaka kusema. Lakini nilifikiria watu watakavyomwita Eliudi, na sisi ni wageni hapa, nikasema tu, "Asante, mama."

Jioni Eliudi akapiga simu. Kule juu mtandao ni wa shida, anasimama juu ya jiwe kuutafuta. Nikamweleza kwa haraka kwamba umeme unavuja kwenye mashine na kufuata waya mpaka kwenye pipa.

"Umeme kidogo tu huo, mke wangu, hauui. Nikija nitarekebisha. Mashine imewashwa?"

"Nimeichomoa."

"Aa, jamani! Leo ndiyo mwisho wa tamthilia. Irudishe, mpenzi. Tutaangaliaje Jumamosi?"

Aliposema mpenzi, nilirudisha.

Narudia kuiandika ili nisije nikajisimulia vingine baadaye. Nilikuwa nimeshajua, na nilirudisha.

Mvua ikanyesha mpaka asubuhi. Nilikuwa nachambua mchele nikasikia ndoo inaanguka, halafu mlio ambao sikuutambua kuwa ni wa mtu. Nilichomoa mashine kwanza, ndipo nikakimbia. Mama Paskali alikuwa amelala kwenye tope la zizi, kanga imelowa, mkono mmoja bado umekunjwa kama unaoshika ukingo wa pipa. Malkia alikuwa amejibana ukutani, macho meupe.

Hakufa. Niliogopa hata kuandika neno hilo, lakini hakufa. Zahanati walisema labda ni presha. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri, hawezi kushika kikombe, sembuse kukamua. Paskali, mwanawe mkubwa, amempeleka Oldeani kwa dada yake, kule kwenye mashamba ya kahawa, apumzike. Walipokuwa wanampandisha kwenye gari alinitafuta kwa macho.

"Niangalizie Malkia. Wewe anakukubali."

Eliudi alirudi Jumamosi. Nikamwona anazunguka zizi, anatazama juu. Jumapili watu wakiwa kanisani alipanda akafungua waya wote, na ule wa chuma akaukunja akautia mfukoni. Alitazama barabarani mara mbili kabla ya kushuka. Ndiyo, aliogopa. Nilimhurumia, nikamkumbatia pale pale chini ya ngazi, naye akaniambia sikioni kwa sauti yake ile ile ninayoipenda:

"Imekwisha. Usimwambie mtu. Ukisema watanifunga, au watatufukuza mtaani. Zahanati wamesema presha, basi ni presha."

Halafu jioni akaupitisha waya kwa upande wa pili, juu ya bati la fundi cherehani. Eti safari hii ni salama. Tukakaa chini ya blanketi. Tamthilia ilikuwa imerekodiwa usiku ule wa mvua, mwisho wake upo mzima, picha kali kama maji ya kisimani. Eliudi aliniambia nani atamrudia nani. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyake kwenye bega langu.

Sijui waliishia wapi wale watu wa tamthilia.

Jana Paskali alikuja kumtazama Malkia. Nimekuwa nikimkatia majani na kumnywesha, na sasa anakunywa bila shida, maziwa yanarudi. Nilidhani Paskali atafurahi. Alisimama mbali na pipa, mikono mfukoni.

"Ng'ombe huyu amemwangusha mama yangu. Ana kitu ndani yake. Mwisho wa mwezi anakwenda mnadani, bei yoyote."

"Lakini shemeji, si unaona anakunywa?"

"Ndiyo hilo linaloniogopesha," akasema. "Mama ameondoka, yeye amepona."

Nikainama, nikaendelea kumkatia Malkia majani. Kimya hicho nimelala nacho, nimeamka nacho, nimekuja nacho hapa kwenye kompyuta za kukodisha na miavuli ya watu inadondosha maji mlangoni. Malkia akiuzwa, Mama Paskali atarudi kwenye zizi tupu na mkono usiokunjika, akiamini kwamba alifuga shetani. Na ataendelea kuniita mkono wa baraka.

Nampenda mume wangu. Nasema kweli, nampenda zaidi ya siku ya harusi, na labda hilo ndilo linalonitisha, kwamba neno moja tamu kwenye simu lilitosha. Atakaponiambia tena "irudishe, mpenzi", nitafanya nini? Fundi cherehani ana watoto, na pasi yake ya umeme anaipigia chini ya bati hilo hilo.

Kabla ya kuja hapa nimechomoa mashine, kisha nimekata waya kwa kisu cha jikoni, pale unapoingilia dirishani. Wiki hii haitarekodi kitu. Eliudi akirudi Jumamosi atakuta kioo cheusi, na nitamwambia mimi ndiye niliyekata, na kwa nini, na nitakwenda wapi. Akitaka twende wote, nitashukuru kuliko zawadi yoyote aliyowahi kuniletea. Akikataa, barabara ya Oldeani naijua, hata kwa tope hili.

Mama, wewe husomi mambo ya kwenye kompyuta, lakini naandika ili nisigeuke nyuma. Kabla mwezi huu haujaisha, kabla Malkia hajapelekwa mnadani, nitakuja kwako Oldeani. Nitakaa karibu na mkono wako huo, na nitakuambia.