Siku Ile Antena Ilikataa

Baba Njeri,

Ninasema, Shiko mjukuu wetu anaandika. Nimemwambia asininyooshee maneno.

Nimechoka, mzee. Si shamba, ni kimya cha hii nyumba. Unakumbuka saa moja ya sinema ikikaribia, jirani yetu Mama Kamau anaingia na kigoda chake, mavi ya ng'ombe bado kwa gambuti? "Leo huyo shetani wa mwanamke atashikwa!" Hata hajasalimia. Siku hizi hakuna anayekuja. Kila mtu ana sinema yake kwa simu, ameziba masikio, anajichekea peke yake kwa kona. Mtu akianza kulia mle ndani, wanamruka. Na hakuna kungoja kesho, kesho zote ziko hapo, wanazimaliza kabla ya chakula.

Juzi Shiko akaja na televisheni ya intaneti. "Shosho, ile hadithi yenu ya tajiri na mfanyakazi iko hapa, kutoka mwanzo." Na siku hizi wanaongea Kiswahili! Nikakaa.

Wee mzee, ulikuwa mwongo. Miaka yote ukinitafsiria na kile Kiingereza ulichookota kwa mzungu wa kahawa, nami nikiamini kama injili. Kumbe yule tajiri hakuwa akimpuliza mfanyakazi wake takataka kwa jicho, walikuwa wakibusiana! Nilicheka mpaka Shiko akaniletea maji.

Halafu jana tukafika kwa yule mtoto wao mdogo. Alikufa. Wakamzika, mama yake ameshikilia jeneza. Mimi hiyo sikuiona wakati ule. Wewe uliniambia amepelekwa shule ya bweni, nami nikawa namngoja shule zifungwe.

Ndio nikakumbuka. Ilikuwa mwezi ule tulimzika binti yetu Njeri. Daktari wa sinema alitoka chumbani akasema kitu, nikakuuliza, "Amesema nini?" Ukasimama, ukasema picha ni mbaya. Haikuwa mbaya. Ukatoka kwa mvua kuzungusha antena, na kila ukiita "Sasa je?" chenga kwa picha zinazidi. Mama Kamau akakutukana: "Mzee, hata kuku angeiweka vizuri!" Ukaendelea kuzungusha. Ulirudi umelowa, ukasema imekataa.

Nimetafuta hasira ya kukupa, nimeikosa. Ulikuwa baba yake. Na wewe, nani alikuzungushia antena? Mimi nilikuwa naita tu kwa mlango, ingia, chai inapoa.

Shiko aliuliza kwa nini nalia na ni sinema tu. Nikamwambia juu ya Njeri, alikuwa nani, alivyopenda ukoko wa ugali. Jina alilisikia tu tukiitwa nalo, mtoto mwenyewe hakuwa amewahi kusimuliwa. Kwa hii nyumba tulimnyamazia sana.

Lala, mzee wangu mwongo. Jumapili baada ya kanisa nitakuja hapo makaburini mlipolala nyinyi wawili, nimlilie kwa sauti, majirani wasikie. Nitalia langu na lako. Umebeba peke yako vya kutosha.

Mimi, Mama Njeri